Kiti cha Mchokonozi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu natanguliza, maana najua usipozikuta hapa juu utanuna kabla hujasoma. Goti lako vipi? Lifanyishe mazoezi kama daktari alivyokuambia, usilibembeleze kama mtoto mchanga. Sisi wazima. Nimeshika kalamu mwenyewe, kwa kuwa haya ya leo hayasemeki kwenye simu. Kuta za nyumba hii ni nyembamba.

Unakijua kipindi cha mjukuu wetu, kile anachorusha mtandaoni kutoka chumbani kwake, akifundisha watu kupanga kazi: anza na ile unayoiogopa, usijifiche kwenye kufutafuta meza. Maneno mazuri, lakini watazamaji walikuwa mimi, mama yake na fundi cherehani wa jirani, naye alikuwa akisinzia. Mjukuu akanieleza kwamba wenye matangazo ya biashara hufuata macho ya watu. Pasipo macho hakuna anayelipa. Hali isipobadilika angefunga kipindi na kurudi kwenye ile kazi ya kupokea simu za wateja wenye hasira. Nyumba nzima ikapooza.

Ndipo akazuka mtu anayejiita Mchokonozi. Akaandika mbele ya wote kwamba binti huyu anawapangia watu kazi, ilhali kitanda kinachoonekana nyuma yake ni kama kimelaliwa na fahali wawili. Mtoto akalia, akanawa uso, akarudi hewani na kumjibu mpaka jasho likamtoka. Kesho yake Mchokonozi akamuuliza kama ameajiriwa kuyasema maneno au kuyameza. Wee! Watu wakajaa, nusu wakimtetea, nusu wakichochea kuni. Mjukuu akanieleza kisomi kwamba akili ya binadamu hupita penye amani bila kugeuza shingo, lakini penye ugomvi husimama hata kama ameacha chungu motoni. Nikamwambia hilo analijua kila aliyewahi kuishi na majirani kwenye nyumba yenye bomba moja.

Watu wa sabuni wakaleta tangazo. Sasa wanataka Mchokonozi aje Jumamosi, waonane ana kwa ana, dunia ikitazama. Asipotokea, wanajiondoa. Kiti chake kimeshawekwa, na mtoto anamsihi kila siku ajitokeze.

Mdogo wangu, keti chini. Mchokonozi ni mimi.

Usianze! Sikutafuta sabuni ya mtu. Kile kitanda nilimwambia kwa mdomo wangu, akaniitikia sawa Bibi, akapita zake. Maneno ya bibi ni mvua juu ya bati: kelele nyingi, walio ndani hawalowi. Aliposema mtu baki, kitanda kikatandikwa siku ile ile! Nikanogewa. Nachelea akishanijua hatanisikia tena.

Lakini simwachi mtoto wangu aaibike mbele ya kiti kitupu. Jumamosi nitakikalia. Akilia, alie hewani, watu watazame. Nawe siku hiyo ingia, jitungie jina, unitukane bila haya, maana bibi na mjukuu tukibaki kukumbatiana tu, wale watu watakwenda zao. Anzia kwenye mkoromo wangu. Ukiishiwa, taja lile gauni nililokunyima.

Msalimie shemeji, na wajukuu uwafinye mashavu kwa niaba yangu.

Aliyekukaripia kabla ya mtu mwingine yeyote duniani,
Dada yako