Jina Chini ya Mchoro

Jumatano. Ukungu umelala Runyenjes tangu asubuhi, na baridi imenifungia kitandani.

Nimeficha jina la mwanamke mmoja tangu nilipokuwa nikisomea sanaa chuo kikuu. Daktari anasema moyo wangu umechoka. Nami nimechoka kuficha.

Mchoro wake umeegemezwa ukutani mbele yangu, umefungwa nusu kwa gazeti. Kesho asubuhi gari litaupeleka kwenye shule niliyofundisha hadi nilipostaafu, ukatundikwe huko. Mchana binti yangu, Wanja, aliketi hapa na kalamu, aandike kibandiko.

"Baba, huyu mama ni nani?"

"Mchuuzi wa ndizi. Nilimwona sokoni Ishiara."

"Na hukumwuliza hata jina? Nyinyi wasanii, kazi kuchora watu na kuwaacha hapo hapo!" Akacheka, akaandika: Mchuuzi, jina halijulikani.

Nikamwacha aandike.

Alipokwenda, tukabaki wawili, mimi na yule wa ukutani.

Ni mama yangu.

Wanja hamjui. Mama alizikwa kabla yeye hajazaliwa, wala hakuacha picha hata moja. Kwa desturi yetu nilimpa binti yangu jina la mama, na ndiyo maana hadi leo mimi humwita "mama". Nilimwita hivyo hata leo mchana, muda mfupi tu baada ya kumdanganya.

Nilimchora mama likizo ya mwisho kabla ya kuhitimu, jikoni kwake, kwa makaa niliyookota mekoni. Kwenye paji la uso alikuwa na mfereji, uliochimbwa na ukanda wa kubebea kuni tangu usichana wake. Nilitaka kuupitia juu juu. Akanikemea.

"Hiyo barabara yangu usiiruke. Unajua nimeilima miaka mingapi?"

Nikaichora yote. Sijawahi kuchora mstari mzuri kama ule.

Chuoni tulitundika kazi zetu za mwisho, wazazi wakaalikwa. Mama akaja na kikapu cha ndizi mbivu, amevaa gauni la kanisani, kitambaa amekifunga hadi kwenye nyusi. Mfereji haukuonekana. Wazazi wa wenzangu walikuwa makarani na walimu, wamevaa viatu vya kung'aa. Mwenzangu mmoja alisimama mbele ya mchoro wangu akasema, "Huyu naye, kichwa kilibanwa na mlango?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Mhadhiri wetu akaja, akautazama mchoro kwa muda mrefu. Kwa heshima ya wazazi, siku hiyo alisema Kiswahili. Akaniuliza mwanamke huyu ni nani.

Mama alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Nilisikia kikapu chake kikilia.

Nikamjibu mhadhiri maneno yale yale niliyomjibu Wanja leo.

Mama alivuta kitambaa chake chini kidogo, akafunua kikapu, akaanza kuwapitishia wageni ndizi, mmoja mmoja, kama mtu aliyetumwa kuzileta. Hata mimi alinipa. Hakuniita mwanangu.

Hatukulizungumza jambo hilo kamwe. Nilipomzika nilikuwa nimeshajifariji: mama ni mtu wa lugha ya Kiembu tu, wa shamba na kanisa, maneno yale ya chuoni yalimpita. Nimelishikilia hilo hadi uzee huu. Limenisaidia kulala.

Wanja, najua unasoma ninayoandika katika daftari hili kila asubuhi kabla ya chai. Gari lisiondoke na kibandiko kile. Kibandue, uandike jina lako. Ndilo lake.

Na ukiniuliza kama alielewa, sitakudanganya mara ya pili. Alielewa kila neno. Kiswahili nilimfundisha mimi mwenyewe, likizo baada ya likizo, kwa sababu aliniomba: alitaka siku ile aweze kuzungumza na walimu wangu.