Mkono Wangu Kwenye Usukani

Kibokoni,
Mji wa Kale,
Mombasa.

9 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Fahmi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakufika huko Nagoya ukiwa mzima wa afya, wewe na mkeo Saliha. Lile joto ulilokuwa ukililalamikia limepungua? Na mgongo wako je, umepata wa kuukanda, au bado unalala sakafuni? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama hajambo ila goti la kulia; anakula vizuri, na kugombana na majirani vizuri zaidi. Mahira amepata kazi ya kufundisha Kizingo, na asubuhi hutoka mbio kabla hatujakaa kunywa chai.

Najua unashangaa kwa nini nimeshika kalamu badala ya simu. Nikikupigia, mama hukaa ubavuni mwangu, na shemeji yako huwa chumba cha pili akisikia kila neno. Na jambo lenyewe nikilisema kwa mdomo nitalikata katikati. Umeniuliza mara tatu gari linaendeleaje, na mara tatu nimekujibu, "Lipo tu." Lipo kweli. Limesimama kwa fundi tangu tarehe ishirini na tisa Julai, mbele limepondeka.

Unakumbuka shemeji yako Abdulhalim alivyotoka kwenye kile kiharusi. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi, mkono wa kushoto ukarudi nusu. Unakwenda anakoutuma, lakini hauhisi kitu. Akishika kikombe lazima akitazame. Asipokitazama, atakiachia au atakibana mpaka kipasuke. Mutanu, yule dada anayemfanyisha mazoezi ya viungo hospitalini, alimkataza kuendesha gari. Basi mtu aliyekuwa dereva miaka thelathini akawa kazi yake ni kukaa barazani kutazama magari ya wenzake. Ndipo wewe, kwa mapenzi yako, ukamtafutia hilo gari lenye kujiongoza nusu, ukamwambia kwenye simu, "Shemeji, hili litakushika mkono." Siku ile alilia. Hukuambiwa, nakwambia leo.

Mwanzoni hata mimi nililipenda. Likiona mistari ya barabarani kwa ile kamera iliyo kiooni, usukani husukuma kidogo, kama mtu anayekugusa kiwiko ufuate njia. Ukienda kombo, hutetemeka. Yule mwanamke wa Kijapani aliyemo ndani ya mashine husema neno lake, nasi kwa kuwa hatumwelewi tukawa tunamwitikia, "Marahaba." Abdulhalim akaniambia, "Mama Mahira, mkono wangu umepata mwenzake." Mutanu hakumwambia kama ameanza tena kuendesha. Nami pia sikumwambia.

Haikupita muda nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Barabara za huku si kama za huko kwenu. Mahali mistari ilipofutika, gari huacha kuongoza bila kuaga. Mahali ilipochorwa mara mbili, hufuata iliyoipenda. Abdulhalim naye ikawa usukani ukisogea hajui kama ameusogeza yeye au gari. Siku moja tuko Kizingo, njia tupu, nikamwuliza, "Sasa hapa nani anaendesha?" Akacheka. "Tunasikilizana," akasema. Mimi kila tukikaribia lori nakanyaga sakafu kwa miguu miwili kana kwamba upande wangu una breki. Nilikuwa nikishuka mapaja yananiuma.

Siku yenyewe tulikuwa twaenda Mikindani kumtazama mgonjwa. Saa nane mchana, jua kali. Karibu na Makupa, upande mmoja wa barabara ulikuwa umefungwa unatengenezwa, na magari ya kwenda na ya kuja yamebanana upande uliobaki. Mistari mipya ya manjano ilituelekeza kushoto. Lakini ile myeupe ya zamani haikufutwa, nayo ilikwenda mshazari kulia, kule yanakotokea malori. Ukingoni kushoto alikuwa anakuja mtu, uso kwa uso nasi, anavuta mkokoteni wa machungwa kupeleka sokoni Marikiti.

Gari likashika mistari ya zamani, likaanza kwenda kulia. Na halikwenda kwa kishindo, Fahmi. Lilikwenda kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulionitisha. Mbele yetu trela la kontena. Nikamtazama Abdulhalim. Uso umekaza, mabega yamepanda, na gari haligeuki. Nikadhani kiharusi kimemrudia. Nikapiga ukelele, "Baba Mahira! Kushoto!" Nikatupa mkono nikaushika usukani, nikauvuta kwangu kwa nguvu zangu zote.

Ulikuwa mgumu kama uliopigiliwa misumari. Kisha, mara moja, ukalegea. Ulilegea wote kwa pamoja, nasi tukaenda nao kushoto. Nikasikia mbao zinavunjika. Machungwa yakapiga kioo. Gari liliposimama, yule mwanamke alikuwa anasema neno lake, analirudia, analirudia, wala hapakuwa na wa kumwitikia.

Mtu yule anaitwa Ngumbao. Mguu wa kulia, chini ya goti, ulivunjika mahali pawili. Nilikaa naye juu ya lami, kichwa chake pajani mwangu, nimemkinga jua kwa buibui langu, mpaka ambulensi ikaja. Hakulia. Alikuwa akinitazama usoni tu, hapepesi, mpaka nikaona haya nikaangalia kando.

Afande wa trafiki akauliza, "Dereva ni nani?"

"Mimi," akajibu Abdulhalim.

"Ilikuwaje?"

"Nilikuwa nakwepa lori, nikakata zaidi ya kiasi. Ni mimi peke yangu."

Nilisimama hatua mbili nyuma yake. Nilifungua mdomo. Akageuka akanitazama, nikaufunga. Ikaandikwa hivyo, akatia sahihi, leseni ikachukuliwa, tukarudi nyumbani kwa tuktuk.

Kuanzia hapo nilikuwa naweza kusimama jikoni na mwiko mkononi mpaka mchuzi ukaungua. Wiki mbili zilipotimia, nikaenda kimyakimya kwa Owais, fundi wa umeme wa magari, mtoto wa marehemu Zakir aliyekuwa na duka la vitambaa hapa mtaani. Nikamkuta amechomeka kompyuta kwenye gari letu.

"Mama, wataka kujua nini?" akaniuliza.

"Nataka kujua nani aliyelipeleka kushoto."

Akaniambia gari hili huweka kumbukumbu ya sekunde za mwisho kabla ya ajali: mashine ilisukuma usukani wapi na kwa kiasi gani, na mikono ya watu ilisukuma wapi. Akanionyesha michoro miwili, mmoja unapanda na mwingine unashuka. Mashine ilikuwa inasukuma kulia. Na dereva, tangu mwanzo, kabla mimi sijanyoosha mkono, alikuwa anasukuma kushoto.

"Mzee hakuzubaa, mama," Owais akasema. "Alikuwa anapigana nalo."

Kisha akaweka kidole mahali mchoro uliporuka ghafla. "Hapa imeongezeka nguvu nyingine. Gari likaona dereva ameshikilia kwa dhati, likamwachia. Limetengenezwa hivyo. Mkiwa wawili mnasukuma mlango, na aliye ndani akauachia ghafla, si mtaangukia ndani?" Akagonga tena pale mchoro uliporuka. "Na nguvu hii, mama, si ya mtu mmoja."

Nikamwuliza, nisingeshika ingekuwaje?

"Sijui. Pengine angeligeuza mwenyewe, kidogo kidogo. Pengine trela lingewachukua. Hilo humu halikuandikwa."

Nilirudi nyumbani nikamwambia Abdulhalim nitakwenda kwa Ngumbao, na kituoni pia, kusema kweli. Sikutarajia alivyohamaki.

"Utasema nini?"

"Kwamba niliushika."

"Ukisema hivyo umesema mumeo hakuweza."

"Nitasema ulikuwa unaweza. Owais ameona."

"Hilo watu hawatalisikia. Watakalosikia ni mke kamnyang'anya mumewe usukani."

Nilikuwa nikidhani amejitwika kosa ili anikinge, na ni kweli alinikinga. Lakini palikuwa na kitu kingine alichokuwa akikikinga, chake mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa namwendea kukichukua. Tukakaa siku nyingi namna hiyo, twasalimiana, twapitishiana chumvi, basi. Mama akahisi, akawa anatutazama huku na huku kama anayefuatisha mpira. Ijumaa iliyopita, Abdulhalim aliporudi msikitini, hakukaa kula. Akasimama mlangoni akasema, "Vaa buibui lako. Twende wote."

Ngumbao anakaa Mishomoroni kwa dada yake. Tulimkuta uani, mguu wenye plasta umewekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Tukasalimiana, tukaulizana hali, tukaletewa maji. Nikaona nikingoja zaidi sitasema. Nikamwambia yote: mistari, usukani, mkono wangu.

Hakushtuka hata kidogo. "Mama," akasema, "mimi nilikuwa nakuja mbele yenu. Kwenye usukani ule nilihesabu mikono mitatu."

Abdulhalim akamwuliza, "Mbona hukumwambia afande?"

"Alikuja hospitali akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia sikumbuki." Akamtazama Abdulhalim, kisha akanitazama mimi. "Nilitaka kuona mtanijia na mikono mingapi."

Fahmi, hata dada yake aliyekuwa akifua pembeni aliacha kufua. Ndipo Abdulhalim akauinua mkono wake wa kushoto, akauweka mbele ya yule mtu kama anayeonyesha bidhaa. "Huu hauhisi kitu," akasema. "Nilikatazwa kuendesha, nami nikaendesha. Usukani ukisogea nilikuwa sijui ni mimi au ni gari. Siku ile ndiyo mara ya kwanza nilijua, kwa sababu lilinikataa." Sikuwa nimepata kumsikia akilisema hilo kwa mtu yeyote, hata kwangu.

Ngumbao akatikisa kichwa. "Haya. Sasa nimejua." Hakusema ametusamehe, nami sikumwomba aseme. Daktari wake anasema atatembea. Kama ataweza tena kuvuta mkokoteni uliojaa, hilo hakuna anayejua, na ndilo alilotuuliza tulipokuwa tunaaga, kana kwamba sisi tuna jibu.

Jana Jumatatu tulikwenda kituoni. Taarifa imeandikwa upya, sasa ina sahihi mbili. Afande alimwuliza Abdulhalim maswali mengi juu ya maradhi yake, akayajibu yote amesimama wima. Tumeambiwa tufike mahakamani tarehe mbili Oktoba. Itakavyokuwa, Mungu ndiye ajuaye. Mutanu pia tumemwambia. Alitusikiliza, akafunga faili, akasema, "Mngeniambia," basi. Lilinichoma kuliko kama angetukemea.

Nisikufiche, kuna wiki nilikukasirikia. Nilisema moyoni, huyu yuko mbali, anatuma chombo, na sisi ndio tunaokipanda. Hasira hiyo imekwisha. Wewe ulituma gari, hukututuma Makupa. Wala usimpigie shemeji yako kumpa pole kabla hajakwambia mwenyewe. Amesema atakwambia, na sauti yake nimeiamini.

Sasa ninalokuomba. Kitabu cha gari hili kiko ndani ya kijisanduku cha mbele, chote kwa Kijapani, na tangu lishuke bandarini hatukukifungua hata siku moja. Owais amezipiga picha kurasa zinazohusu usukani, Mahira atakutumia kwenye simu. Kaa na Saliha mzitafsiri neno kwa neno: gari hushika lini, huachia lini, na huachia vipi. Wakili tuliyemchukua kwa kesi hii anazihitaji kabla ya siku ya mahakama.

Na tafuta jambo moja zaidi. Tazama kama pameandikwa popote kwamba dereva akizidi kusukuma, hata akiwa peke yake, usukani utamfuata. Ukipaona hapo, usinifiche kwa kunihurumia. Patafsiri kwa mwandiko mzuri, umtumie yeye kwa jina lake. Anahitaji kupasoma kuliko wakili. Mimi nitakayeachiwa lawama, kwamba mkono wangu haukuhitajika, nitaweza kukaa nayo.

Mama anakusalimu, anasema umepunguza kumpigia. Mahira anakusalimu na kumsalimu Saliha. Owais naye ameniambia nisisahau kumtaja. Shemeji yako hajui kama nimekuandikia, kwa hiyo salamu zake nitazileta zitakapotoka kinywani mwake mwenyewe.

Mola akuhifadhi uendako na urudiko, akupe rehema katika nyumba yako na riziki yenye baraka, na atukutanishe tukiwa wote wazima. Tuombee tarehe mbili.

Ni mimi dadako, nikupendaye hata nilipokuwa nimekukasirikia,

Mwanatumu