Maelezo ya Abrahman Mwalim Kuhusu Mlango wa Ghala na Sanduku la Dawa

KITUO CHA POLISI, WETE, PEMBA
Tarehe 13 Oktoba 1959

Jina: Abrahman Mwalim Faki
Umri: Miaka kumi na minane. Mama anasema kumi na saba, lakini mama hapendi niwe mkubwa.
Kazi: Mshona magunia katika ghala la karafuu
Makazi: Limbani, Wete
Elimu: Darasa la nne, na nusu ya la tano

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema kwa hiari yangu mbele ya Sajini Jecha Ngwali. Sajini ameniambia niseme niliyoyaona kwa macho yangu na nisitie chumvi. Nimekubali, ingawa chumvi ninayo ya kutosha Pemba nzima.

Huu ni mwaka wangu wa pili katika ghala la tajiri wetu hapa Wete. Kazi yangu ni kushona midomo ya magunia. Kwa sindano hakuna anayenishinda, aulizwe yeyote. Ghalani tumo wanne. Mimi; Nyange mchukuzi, mtu wa Kojani, ambaye tangu jana mmemweka ndani; Mabruki mpangaji wa magunia; na Bi Kazija, mtu mzima, anayechambua karafuu na vikonyo. Karani wetu ni Bwana Othman.

Desturi ya ghala letu ni hii: karafuu ikiwa bado iko wazi, haijashonewa guniani, karani akitoka hutia kufuli kwa nje, nasi tumo ndani. Huchelea tusitoke na karafuu mifukoni. Dirisha lipo moja, lina nondo. Ukuta wa upande wa ofisini una tundu lenye wavu wa chuma, na karani hutuitia humo.

Mwezi uliopita alikuja bwana wa serikali. Alitazama ghala, akamwambia tajiri kuwa lazima tuwekewe dawa za kumsaidia mtu aliyeumia kabla hajafika hospitali. Baadaye akaja muuzaji na mizigo yake, akaipanga juu ya meza mbele yetu. Tajiri siku hiyo moyo wake ulikuwa mweupe, akasema, "Chagueni wenyewe, ni zenu."

Zilikuwa namna mbili. Namna ya kwanza ni vibati viwili vidogo, ndani mna bandeji, pamba, plasta na mkasi. Muuzaji alisema kimoja kitundikwe ghalani na cha pili kwenye uwanja wa kuanikia, pale pale mtu anapoumia. Namna ya pili ni sanduku moja kubwa la mbao iliyong'arishwa, mlango wake kioo, lina msalaba mwekundu na kufuli dogo. Ndani chupa zimejipanga kama maharusi.

Mabruki alikishika kibati, akakigonga kwa kidole. "Yakhe, hiki si cha biskuti? Mtu akiumia tumpe na chai?"

Tulicheka sana. Mimi nilisema tuchukue la kioo, maana vile vibandiko vya chupa nilikuwa navisoma na nilitaka niwasomee watu. Nyange naye akasema la kioo. Bi Kazija peke yake aliuliza, "Na kibati kina kosa gani, wanangu?" Tukalichukua la kioo.

Sajini ni mtu wa hapa, anazijua nyumba zetu. Kabati la kioo lipo barazani, lina vikombe vya maua, na mwenye nyumba anakunywa chai kwa kopo. Vikombe ni vya wageni. Basi sanduku letu nalo lilipata cheo hicho hicho. Tajiri alilitundika ofisini mkabala na mlango, mgeni akiingia alione kwanza. Halafu pamba iliyokuwemo ikaanza kupungua. Ijumaa ya kwanza kila mwanamume wa ghala alikwenda msikitini na kipande cha pamba ya mafuta mazuri sikioni. Sisemi nani alianza. Nasema alinukia vizuri. Bwana Othman akalifunga sanduku kwa kufuli lake, na ufunguo wake akauunga pamoja na ufunguo wa mlango wa ghala.

Mnamo tarehe 12 Oktoba 1959, siku ya Jumatatu, ilipoadhiniwa adhuhuri, Bwana Othman alisema, "Naswali narudi." Akafunga kwa nje. Mabruki alikuwa juu ya safu ya magunia, kulabu yake ya kuvutia magunia mkononi. Safu ikateleza. Alianguka pamoja na gunia, na kulabu ikamwingia pajani. Hakupiga kelele. Alisema, "Ala!" kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Nyange alitaka kuichomoa. Bi Kazija akamzuia, "Usiiguse!" Akavua kanga yake ya juu, akamkaza paja kwa nguvu. Mimi nilichota vumbi la karafuu nimmwagie, kwa sababu bibi yangu hutia karafuu kwenye jino. Bi Kazija akanipiga mkono.

"Hilo paja, si jino, weye!"

Kanga ililowa upesi. Nyange akavuta gunia nililokuwa nalishona, lililokuwa nusu tu, akamwekea chini ya mguu ili uinuke. Nilikimbilia kwenye wavu. Sanduku nililiona, si mbali. Bandeji zimo, nyeupe pee, zimekunjwa vizuri. Matundu ya wavu hayapitishi hata kidole changu.

Tulipiga ukelele dirishani. Alipita muuza kahawa, tukamtuma msikitini. Alirudi akasema, "Othman kafuata jeneza. Maiti anakwenda kuzikwa Kiuyu, mbali."

Simlaumu Bwana Othman kwa hilo. Jeneza likikukuta msikitini huliachi likaenda peke yake. Tulimwambia muuza kahawa avunje kufuli kwa huko nje.

"Kufuli la tajiri? Mie n'na watoto," alisema, akenda zake.

Tukabaki. Joto lilizidi, na harufu ya karafuu ilinishika kooni, nami nimeizoea tangu mdogo. Mabruki alianza kutetemeka. Akaniambia, "Abrahman, zungumza basi. Leo umekuwaje?"

Hapo Nyange alinyanyua jiwe la mizani, lile kubwa la chuma. Bi Kazija akamwambia, "Nyange, watakufunga."

Nyange akasema, "Siye tushafungwa, Bi Kazija."

Alipiga kwenye bawaba za mlango mpaka ubao ukapasuka. Tulimpakia Mabruki kwenye gari la hamali, lile gunia liko chini ya mguu wake, tukamsukuma mpaka hospitali. Bi Kazija hakuiachia kanga njia nzima. Ghala lilibaki wazi bila mtu. Hilo ni kweli. Leo asubuhi Mabruki alikuwa anapumua na amekunywa uji kidogo. Juu ya mguu daktari hajasema.

Nimesikia tajiri ameshitaki kuwa Nyange amevunja ili aibe, na kwamba gunia moja halionekani. Gunia lipo barazani hospitali, lina damu. Mshono wangu umekomea katikati na sindano yangu imo. Nendeni mkalitazame.

Jana magharibi Bwana Othman alinijia nyumbani. Alisema, "Wewe sema hukuona, ulikuwa unashona. Kazi yako ipo." Nilimwambia nimeona. Akaniambia Bi Kazija naye amekwisha ambiwa. Sijui Bi Kazija alijibu nini. Ana wajukuu wanaokula kwake.

Sajini ameniuliza kwa nini aniamini, kwani Wete nzima wananijua kwa majisifu, na nimepata kusema nimeogelea mpaka kisiwa cha Kojani na kurudi. Hilo la Kojani tuliache. Lakini nimefahamu kuwa neno langu likitupwa, Nyange ataingia jela.

Basi liandikwe na hili. Nyange alipokuwa anapiga mlango, mimi sikumsaidia. Nilikuwa nimekaa chini kando ya Mabruki, nimemshika kichwa, nalia kwa sauti. Bi Kazija aliniambia ninyamaze namtisha mgonjwa. Nisingetaka mtu alijue hili. Kama ningekuwa natunga, mlango ningeuvunja mimi.

Niliyoyaona yamekwisha hapa. Sina la kuzidisha wala la kupunguza.

Sahihi: Abrahman Mwalim Faki

Maandishi ya afisa: Maelezo haya nimeyaandika kama yalivyosemwa, nikamsomea shahidi kwa Kiswahili, naye akatia sahihi kwa mkono wake. Konstebo ametumwa hospitali kulitazama gunia. Kabla ya kutia sahihi, shahidi aliomba maneno "nalia kwa sauti" yafutwe. Nilipochukua kalamu, aliuliza kama Nyange bado yumo ndani. Nikamjibu yumo. Akasema, "Yaache."

J. Ngwali, Sajini