Mtoaji Hajulikani

Jumanne, 3 Juni

Vocha zimejaa meza kabla hata sijanywa chai. Kila Juni ni hivi hivi. Wakuu wa idara wamelala miezi kumi na moja, sasa wote wamekumbuka kwamba fedha isiyotumika hadi tarehe thelathini inarudi Hazina. Wanakuja na vikaratasi, wanakuja na tabasamu. Mimi ndiye mweka hazina wa jiji, na tabasamu si kiambatisho.

Nimemwambia Shekue, mlinzi wa getini: wiki hizi asiingie mtu bila miadi. Awe nani.

Saa saba kaniletea kiroba cha chumvi ya mawe, kimefungwa mdomo kwa ukindu. Kuna mtu kakiacha, jina hakutaja. "Kasema utaijua mwenyewe, mama." Siijui. Wazabuni wana mbinu zao, mwaka jana mmoja alileta mbuzi. Nimeandika kwenye daftari la zawadi kama kanuni inavyotaka: chumvi, kiroba kimoja, mtoaji hajulikani. Sahihi yangu. Kiroba kimepelekwa stoo.

Nyumbani mama kauliza tena kama nimempigia kaka Zuberi aje Idi. Nikasema nitapiga. Sijapiga.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Mama kavaa kanga mpya, kakaa barazani tangu watu walipotoka kusali. Mtaa wetu wote wa Ngamiani umepita kumpa mkono. Kila aliyepita, mama akadhani ni Zuberi, maana macho yake sasa yanaona vivuli tu. Sahani ya Zuberi ilikaa imefunikwa mpaka alasiri.

Leo nimepiga. Simu haipatikani. Nikafurahi kidogo kwamba haipatikani. Naandika hili hapa kwa sababu hapa hasomi mtu.

Miaka saba hatujasemezana. Aliniomba kibarua cha kufagia soko. Ndiyo kwanza nilikuwa nimepewa kiti hiki. Nikamwambia siwezi kumwajiri kaka yangu, itaonekana vibaya. Akauliza vibaya kwa nani. Nikamwonyesha kanuni. Akaenda zake upande wa Mkwaja kufanya vibarua. Vya nini, sikuuliza.

Mama hataki kingine duniani. Anataka atukalishe wawili kwenye mkeka mmoja kabla hajafa. Kasema hivyo leo, huku anamega mkate wa mofa. Nimemwahidi nitakwenda mwenyewe Mkwaja nikishafunga mwaka wa fedha.

Alhamisi, 12 Juni

Siku nzima kupunguza maombi ya idara. Karatasi, mafuta ya magari, maji ya chupa. Kisha kifungu cha mazishi ya wasio na ndugu. Hizi ni maiti zinazokaa hospitali bila kuulizwa na mtu, mwisho tunazizika sisi.

Bwana afya, Mzee Singano, kaomba bafta ya sanda kama kawaida, vipande vitatu kwa mwanamume. Nikamuuliza kwani fardhi ni vingapi. Mkristo yule, atajulia wapi. Nikamwambia mimi nimekaa chuo cha Kurani miaka tisa kwa mwalimu mkali: fardhi ni kipande kimoja kinachositiri mwili. Vitatu ni sunna. Jiji halilipi sunna.

Wahasibu wangu wakacheka. Na mimi nikacheka. Mzee Singano kasema "sawa, mama," kakunja karatasi yake.

Nimeokoa kiasi kidogo sana. Lakini kimeokoka.

Alhamisi, 19 Juni

Mgongo unauma. Vocha ya mazishi imeletwa, mtu mmoja, atazikwa kesho asubuhi. Bafta kipande kimoja, sabuni, pamba, gari, wachimba kaburi. Jumla iko chini ya ile ya mwezi uliopita, nimeona raha. Viambatisho vitatu, nimevihesabu, vimetimia. Nimetia sahihi nimesimama, simu sikioni.

Mama kauliza tarehe. Anahesabu siku za mimi kwenda Mkwaja.

Jumatatu, 23 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Saa nne kanipigia mtu anaitwa Bakari. Msimamizi wa mashamba ya chumvi kule Mkwaja. Namba yangu kaipata kwenye kijitabu cha Zuberi. Kumbe chumvi ndiyo kazi yake miaka yote saba, kukusanya chumvi juani. Alichukua ruhusa ya Idi tarehe pili. Simu yake ilikuwa mbovu, akaiacha kambini. Alisema anakwenda Tanga, na ataanzia ofisini kwa dada yake, wakishapatana ndipo waende kwa mama pamoja. Alibeba kiroba cha chumvi, ile nyeupe ya kuchagua.

"Hajarudi, dada. Tukajua mmemzuia huko. Tukafurahi."

Nilikata simu nikaenda stoo.

Kiroba kiko nyuma ya maboksi ya karatasi. Ukindu umefungwa fundo la mara mbili na kitanzi kimoja kimeachwa nje. Baba alikuwa akifunga hivyo. Alitufundisha sisi wawili tu.

Shekue anamkumbuka. Mwembamba, mrefu, kanzu imepigwa pasi. Alifika saa tatu. Kaambiwa sipokei watu. Akasema atangoja. Alingoja ukutani mpaka adhuhuri, akaomba maji, akapewa, kisha akaacha kiroba. "Jasho lilikuwa likimtoka sana, mama, lakini hakulalamika. Kaniambia nisikusumbue."

Amri ilikuwa yangu. Shekue simlaumu.

Jumanne, 24 Juni

Nilikwenda polisi, kisha hospitali. Hospitali wakaniuliza tarehe, nikawaambia tarehe tatu. Karani akatafuta kwenye jalada, akanitazama kwa mshangao. Akasema huyo karatasi zake zilishakwenda kwenu, halmashauri. Mlishamzika.

Nikarudi ofisini nikaomba vocha ya tarehe kumi na tisa. Kiambatisho namba mbili, karatasi ya hospitali. Mwanamume, umri kama miaka hamsini. Kanzu nyeupe. Alianguka karibu na stendi, akaletwa na wasamaria tarehe 3. Hakuweza kusema. Alifariki tarehe 5. Kidole cha shahada, mkono wa kushoto, hakipo.

Kile kidole. Nilikuwa na miaka sita, nikataka dafu, akanipasulia. Nikalisogeza dafu panga likiwa njiani. Hakumwambia baba kwamba ni mimi.

Karatasi ile nilikuwa nayo mkononi Alhamisi. Wamemzika Ijumaa. Ningeisoma mistari minne tu ningekwenda kumchukua, ningemleta Ngamiani, angeoshwa nyumbani kwao, angeswaliwa na watu wanaomjua. Sikuisoma. Niliihesabu.

Jumatano, 25 Juni

Mzee Singano kanipeleka makaburini. Alipojua ni nani, alivua kofia. Kaburi lina kibao cha bati na namba. Udongo bado haujakauka.

Nikamuuliza sanda ilikuwaje. Hakutaka kusema. Nikamuuliza mara ya pili.

"Alikuwa mrefu, mama. Tulikivuta kitambaa pembe kwa pembe. Kichwa tulikifunika vizuri."

Na miguu sikuuliza.

Fardhi ilitimia. Nimekaa kwenye gari nikayasema maneno hayo kwa sauti, nikajichukia. Nilitumia niliyofundishwa na mwalimu wangu kumpunja maiti, na maiti mwenyewe ni kaka yangu. Hata angekuwa wa mtu mwingine, ni kumpunja vile vile. Hilo ndilo linalonikaba. Angekuwa wa mtu mwingine nisingejua kabisa, ningeendelea kucheka.

Mama kaniuliza mbona nanuka udongo. Nikasema tulikwenda kukagua mradi.

Ijumaa, 27 Juni

Sijamwambia. Mama ananieleza atakachompikia Zuberi: kisamvu cha nazi, samaki wa kukaanga. Ananihesabia siku.

Jumatatu, 30 Juni

Mwaka umefungwa saa kumi na moja jioni. Kila kifungu kimekaa sawa. Mkurugenzi kanishika mkono mbele ya watu, kasema angepata wengine watatu kama mimi angelala usingizi. Watu wakapiga makofi. Nikatazama mkono wangu ndani ya wake, ni ule ule wa kutia sahihi.

Nimefika nyumbani mama yuko ukumbini anasuka ukili. Nikakaa chini mkekani. Nikamwambia yote. Alivyokuja, alivyongoja ukutani, chumvi, hospitali, kaburi. Sikuruka kitu. Vidole vyake viliacha kusuka nilipofika kwenye hospitali.

Akalia bila sauti, muda mrefu. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Walimkafini vipi?"

Ningeweza kusema vitatu. Neno moja tu, na hana macho ya kwenda kukagua. Mdomo ulishafunguka.

"Kipande kimoja, mama. Hakikumtosha. Nilikata mimi, kwenye bajeti."

Kashika ukuta, kaingia chumbani mwenyewe. Mara ya kwanza mwaka huu kakataa mkono wangu.

Jumanne, 1 Julai

Mama hasemi nami. Nimeomba siku tatu. Majirani wamekuja, imamu wa mtaa kaswalisha sala ya ghaibu, wamesoma khitma barazani. Bakari kaja kutoka Mkwaja na wenzake wanne, mikono yao imechanika yote kwa chumvi. Wameleta nguo zake na kijitabu. Namba yangu iko ukurasa wa kwanza, juu ya namba zote. Imeandikwa "dada mweka hazina".

Wanawake walinipa pole kwa upole mwingi. Nilitaka mmoja anitukane.

Alhamisi, 3 Julai

Baada ya sala ya alfajiri mama kaniita. Kasema nifungue sanduku lake, lile la mninga.

Najua kilichomo. Nyumba nzima tunajua. Alipokufa baba, mama alijinunulia sanda yake mwenyewe, vipande vitano kama inavyompasa mwanamke, bafta safi, na karafuu maiti ndani ya kitambaa. Kila Ramadhani tunaitoa, tunaianika, tunaifukiza udi, tunairudisha. Nimeianika tangu nikiwa msichana.

Kaipapasa kipande kwa kipande, anahesabu kwa vidole. Kisha kanikabidhi.

"Mpelekee bwana afya. Akitokea mwingine asiye na mtu, asifunikwe nusu."

Nikamwambia, na wewe je.

"Mimi n'na mtoto. Utaninunulia."

Nililia nikiwa nimeikumbatia bafta. Akaniacha nilie. Baadaye akaweka mkono kichwani kwangu, akauacha hapo.

Ijumaa, 4 Julai

Nimerudi kazini. Mzee Singano kaipokea sanda kwa mikono miwili. Kauliza tuandike imetoka kwa nani. Nikamwambia kwa mama yake Zuberi Omari. Kaandika polepole, kwa herufi kubwa.

Kwenye makisio ya robo hii nimerudisha vipande vitatu kwa mwanamume, vitano kwa mwanamke. Mmoja wa wahasibu kataka kuniuliza kitu, mwenzake kamgusa kiwiko. Vocha za mazishi sasa naanza na karatasi ya hospitali. Leo haikuwepo hata moja.

Polisi wameniambia kuna fomu ya kujaza ili kibao kiandikwe jina. Nimeijaza. Kwenye uhusiano nimeandika dada.

Kisha nikaomba daftari la zawadi. Mstari wa tarehe tatu Juni. Kanuni inasema kosa halifutwi, linakatwa kwa mstari mmoja ili la chini lisomeke, na pembeni unaweka maelezo na sahihi. Nikakata "mtoaji hajulikani". Pembeni nikaandika: Zuberi Omari, kaka yangu. Si zawadi ya kusajiliwa.

Kiroba nimekirudisha nyumbani. Mama kalipapasa lile fundo, hakutaka lifunguliwe kwa kisu. Tulilifungua pamoja, ilichukua muda. Kachukua chumvi kidogo, kaonja. Kisha kaniambia nibandike sufuria, samaki aliyeletwa asubuhi asije akaharibika.