Panya Wanono wa Embu

Mama, hamjambo huko Kianjai?

Huku Embu ni manyunyu tu. Kazi yangu ni kulisha panya wa maabara: wengine mafuta na sukari, wengine chakula kikavu. Leo nimemsifia daktari wale wanono, manyoya yanang'aa. Akanionyesha majibu ya damu: hao ndio wenye uvimbe ndani ya mishipa, na mioyo yao inachoka. Sasa sijui niamini macho au damu. Kwetu mtu akinona tunamshukuru Mungu, na baba hukatiwa nyama ya mafuta kwa heshima. Lakini siku hizi akitoka shambani anapumzika mara mbili njiani. Jumapili mkatie nusu. Akiuliza, mwambie ile nyingine umeniwekea.

Nawapenda,
Kawira