Tuta la Mwisho Kule Bwawani

Bashay,
Jumanne asubuhi.

Dada Verediana, shikamoo. Hujambo na hali yako hiyo? Miguu imeacha kuvimba? Shemeji Vicent naye mzima? Sisi huku hatujambo, hata yule ng'ombe mkorofi amezaa jike.

Naandika haraka kwa sababu jirani yetu Tluway anakuja mnadani huko kwenu sasa hivi, na simu yako haipatikani tangu Jumapili. Dada, vitunguu swaumu vimekubali! Kiangazi chote hiki ardhi imepasuka, lakini shamba la kikundi chetu ni kijani tupu. Tunamwagilia majitaka ya shule ya bweni. Yanasafishwa kwenye mabwawa matatu, yanatoka maangavu kabisa. Walionicheka kwamba nalima kwa maji ya choo sasa wanaomba kujiunga! Na katibu nilikuwa mimi. Nilijivuna mpaka mama akanikemea.

Jana afisa afya, mama Frida, alileta majibu ya maabara. Tukashangilia kabla hajamaliza kusema, akatunyamazisha. Alisema bakteria wamepungua sana, ila safari hii walipima na virusi, na wamo, wakiwemo wa homa ya ini. Mabwawa hayawamalizi, na kwa macho huwezi kuwaona. Akakumbusha sharti letu la siku zote, kwamba tulime mazao ya kupikwa tu. Vitunguu tuendelee navyo. Halafu akaongeza kwamba homa hiyo inaweza kumuua mjamzito.

Dada, nisikufiche. Sharti hilo nililiandika mwenyewe kwenye daftari la kikundi, na mwenyewe nikalivunja. Tuta la mwisho nilipanda karoti. Ndizo nilizokutumia mnada uliopita, nikakudanganya kwamba ni za mama Marieta, nawe ukanisifia kwenye simu huku unazitafuna mbichi. Nilijiambia maji yenyewe maangavu, karoti chache zitamdhuru nani.

Usile hata moja tena. Nenda kliniki leo, uwaambie wazi ulichokula. Usingoje macho yawe ya njano. Shemeji naye apimwe.

Jana hiyo hiyo niliungama mbele ya kikundi na kung'oa tuta lote. Ukatibu wamenivua, na ni haki yao. Naogopa, dada, naogopa sana. Utanigombeza baadaye. Tluway nimemwambia asiingie mnadani mpaka akuone umevaa viatu na kutoka.

Msalimie shemeji. Na huyo aliye tumboni mwambie mama yake mdogo anamwomba radhi.

Ni mimi mdogo wako,
Oliva