Isale la Mpakani

Jumapili, jioni.

Nimelipokea. Mtu akikuletea jani la isale kuomba msamaha, halikataliwi. Mdogo wangu Aloisi analijua hilo kuliko anavyojua sala zake.

Miaka miwili Uhabeshi, baada ya Waitalia kufukuzwa, kazi yetu ilikuwa kusimama kati ya majirani. Sisi askari wa huku kwetu, pamoja na Wahindi na watu wa Goldi Kosti, kila kikosi na vijiji vyake, tukizuia mtu asinyang'anye shamba la mwenzake aliyekimbia vita. Nimelinda mipaka ya watu nisiowajua hata majina. Wala sikuwa na wasiwasi na shamba langu, kihamba alichoniachia baba, maana nilimwachia Aloisi.

Nimerudi juzi. Mstari wa masale, mimea hiyohiyo ya msamaha, uliotenganisha shamba lake na langu umesogea hatua thelathini ndani kwangu. Miche yake ya kahawa imekwisha kushika hapo.

Leo baada ya misa alikuja na jani mkononi, mama nyuma yake.

"Nisamehe, kaka. Tulisikia umekufa."

Barua zangu zote ziko rafuni kwa mama. Nilimtazama mama, naye akatazama migomba.

Nikasema nimesamehe. Naogopa ni mdomo tu, na naogopa Mungu anajua.

Jani lilikuwa bichi. Nikamuuliza amelikata wapi.

"Pale mpakani," akasema.

"Mpaka upi?"

Akageuka, akaondoka akipita kwenye miche yake ya kahawa.